Bidoni za Tatu Mukaji

Kolwezi, tarehe 12 Mei 2024

Tatu mukaji mpendwa,

Nakusalimu wewe na mumeo, tata Muteba. Huku sisi tuko, tunasukuma siku. Mukalay amekubali kubeba barua hii kwenye lori lake la mahindi kwa sharti kwamba iwe fupi. Anasema safari iliyopita uliisoma yote mbele yake, mwanzo hadi mwisho, ukamwacha amesimama juani na magunia yake. Mpe maji kwanza, halafu usome.

Familia imekaa kikao. Kilio cha baba kitaondolewa tarehe 10 Agosti, hapa nyumbani. Tata Kabongo, kama mzee wa ukoo, amesema wazi kwamba bila wewe hakuna kitakachofanyika. Wewe ndiye dada wa marehemu, na kwetu tatu mukaji, dada wa baba, ni baba aliyevaa kitenge. Ni wewe utakayetuvua nguo nyeusi, na ni wewe utakayesema vitu vyake viende kwa nani. Kwenye mazishi ulikuwa mgonjwa, tulikuelewa. Sasa mwaka umepita, na usipokuja watu wataanza kuuliza maswali.

Vitu vyenyewe si vingi. Nyumba ni ya sisi watoto wake wawili, mimi na Samy, hilo halina ugomvi. Kinachotugombanisha ni gari.

Unalikumbuka lile Subaru la bluu, lililokuja kwa njia ya Dar es Salaam, usukani kulia, lenye tundu kubwa juu ya boneti. Mtaa mzima ulimcheka baba: mzee wa kanisa, anakaribia kustaafu, ananunua gari la mashindano, halafu analiendesha kama amebeba mayai. Sikuwahi kuona mshale wake ukipita sitini. Jumapili kanisani, siku za kazi kiwandani Kingamyambo na kurudi, basi. Lakini lilikuwa na afya. Ukikaa ndani ulisikia kwamba mbele yako kuna kitu kikubwa kimelala.

Tangu baba afariki limebadilika. Kwenye mwinuko, ukikanyaga, linagonga ndani kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo, kisha linalegea. Nimelijaza esanse, petroli ya kituo, si ile ya chupa za barabarani, na bado ni yale yale. Tata Kabongo anasema gari linamlilia mwenyewe. Pasta alikuja akaweka mikono juu ya boneti, akaomba mpaka jasho likamtoka. Nikasema amina, nikawasha, kokoto zikajibu.

Samy ameleta mfanyabiashara wa madini kutoka Lubumbashi, amelijaribu na kurudi amekunja uso. Hata hivyo bado analitaka, kwa bei ya chuma chakavu. Samy anasema tuuze kabla halijafa kabisa. Mimi sitaki, tatu mukaji. Kila siku nabeba mawe mgodini kwenye lori refu kuliko nyumba yetu, nimezoea mashine, na mashine hii haijafa. Halafu nitasema ukweli: ni kitu pekee cha baba ambacho bado kinatoa sauti.

Njoo useme neno lako.

Mwanao,
Tina Ngeleka


Sandoa, tarehe 2 Juni 2024

Mwanangu Tina,

Mukalay amekunywa maji, amekula bukari na samaki, na ameongezewa. Akikuambia vingine anadanganya.

Sitakuja. Miguu yangu imevimba, barabara ya Kasaji ni mashimo matupu, na mihogo yangu haina wa kuitazama. Kabongo ana mdomo mkubwa wa kutosha, ataondoa kilio hicho peke yake. Mwambie mimi nimesema hivyo, asijifanye hajasikia.

Habari za gari usiniulize. Mimi ni mwanamke wa kulima, unataka niamue mambo ya turbo? Uza au usiuze. Lakini mwache pasta apumzike. Kaka yangu hakuwa mtu wa kung'ang'ania vitu. Kama kuna kitu anakishikilia huko aliko, hakiwezi kuwa gari.

Nina jambo moja tu. Nilikuwa namtumia baba yako bidoni za njano, madumu yale ya plastiki, kwa lori la Mukalay, zenye uzi mwekundu kwenye mkono. Ilikuwa asali. Nirudishie bidoni zangu. Kama kuna iliyobaki na kitu ndani, usiifungue wala usionje, mwaga yote nyuma ya choo. Asali ikikaa sana inaharibu tumbo.

Na unijibu hili bila kuzunguka. Siku zake za mwisho, macho yake yaligeuka njano? Na jioni alikuwa na tabia ya kujifungia mahali peke yake? Nijibu ndiyo au hapana, inatosha.

Muteba anakusalimu. Anasema kama gari linalia, lipewe kitambaa.

Tatu mukaji wako,
Kapinga Agnès


Kolwezi, tarehe 16 Juni 2024

Tatu mukaji,

Nina habari mbili. Moja imenishangaza, nyingine imenivunja. Nianze na ya kwanza, maana ya pili sijui niiandikeje.

Nimelipeleka gari kwa Mechack. Nilisoma naye, kisha yeye akaenda Ndola kutengeneza magari ya mashindano, sasa ana karakana yake karibu na soko. Alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akatazama kwa muda mrefu, halafu akaniambia injini haina ugonjwa wowote. Ndani ya chuma, tatu mukaji, kuna kidude kidogo kama nati, na kazi yake ni kusikiliza. Esanse ikiwa dhaifu, injini ya turbo inapoibana inajilipukia kabla ya wakati wake, ndizo hizo kokoto. Kidude kinasikia, na injini inapunguza nguvu zake yenyewe ili isijivunje.

"Hii gari iko na sikio," Mechack alisema. "Inasikia esanse ya mubaya, inajizuia yeye peke. Haikufa. Iko inangoya."

Nilikaa juu ya tairi. Naendesha mashine kubwa kuliko zote unazoweza kuziwaza, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alikaa chini akatengeneza chuma kinachosikiliza moto wake chenyewe.

Kwa hiyo gari linataka supa, esanse ya daraja la juu. Imeandikwa kwenye kifuniko cha tangi, kwa Kijapani. Niliipiga picha nikamwonyesha Mchina mmoja wa zamu yetu, akasoma alama mbili za kwanza akacheka: "Hapana risasi. Ingine ni ya Japon, mi hapana jua." Nusu hiyo imetusaidia, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshatuahidi esanse ya ndege, na ile Mechack anasema ina risasi, madini yanayoharibu gari kama hili. Nusu ya pili Mechack alikuwa anaijua mwenyewe. Lakini supa iko wapi? Kila kituo cha Kolwezi kina esanse ya kawaida na mazuti ya malori tu. Ile inayosemekana inatoka Zambia inachanganywa na mafuta ya taa kabla haijafika mpakani Kasumbalesa, au baada, nani anajua. Sasa niambie, miaka yote ile gari lilikuwa kimya na lenye afya, baba alikuwa analipa nini?

Hiyo ndiyo habari ya kwanza.

Bidoni zako nimezipata. Ziko kwenye kile kibanda nyuma ya jiko ambacho baba alikifunga kwa kufuli. Moja imejaa. Nisamehe, niliifungua. Si asali. Harufu yake ilinichoma pua mpaka machozi. Samy alikuja, akanusa, akakaa chini kwenye kizingiti. Akasema, "Njo maana ya ile ini yenye iliua baba."

Umeniuliza, nakujibu. Macho yake yaligeuka njano, ndiyo. Na jioni alijifungia humo, ndiyo, akatuambia anatengeneza redio. Mimi ni mtoto wake, nilimpikia, nilimfulia shati, sikuwahi kumsikia akinuka pombe hata siku moja. Mzee wa kanisa. Alinikataza hata bia ya harusi. Samy sasa hataki tena kuzungumza habari za kilio, anataka gari liuzwe na kibanda kibomolewe.

Ulijua, tatu mukaji? Kama baba alikuwa anakunywa, niambie wewe, nisije nikaambiwa na watu wa nje.

Tina


Sandoa, tarehe 30 Juni 2024

Tina mwanangu,

Muteba amekwenda shambani, kwa hiyo naandika bila mtu wa kunitazama.

Ni chichampa, ile pombe kali. Mahindi na mihogo, nyanya yako alinifundisha, kama walivyoipika kwao Kasai, na hapa naipika nyuma ya nyumba kwa ajili ya wanawake wanaoiuza sokoni. Baba yako alijua. Siku moja, gari lile bado jipya kwake, akaniandikia nimpelekee bidoni moja, lakini si ya kawaida. Alitaka matone ya kwanza tu, na nichemshe tena, na tena. Ile ukiitia moto kwenye kijiko, inawaka bluu na kijiko kinabaki kikavu. Nikamtumia. Akaomba nyingine. Kila lori lililoteremka na mahindi lilibeba bidoni yangu, na kila lori lililopanda lilirudi na bidoni tupu na sabuni na chumvi na barua nzuri.

Sikumwuliza. Nilijiambia mkewe amekufa, watoto ni wakubwa, ana huzuni zake za zamani, acha anywe kidogo jioni alale. Yeye ndiye mkubwa wangu, ningemwulizaje? Lakini nilikuwa nahesabu moyoni, na nilijua hakuna mtu anayekunywa vile akabaki mzima.

Halafu Kabongo akatuma ujumbe: ini. Sote tunajua watu wanaokunywa chichampa wanakufa na nini. Siku ile nilichukua mchi nikavunja chungu changu cha kupikia. Muteba alidhani ni wazimu wa msiba. Sikuwa mgonjwa siku ya mazishi, Tina. Sikuweza kusimama mbele ya jeneza.

Sasa umejua kwa nini sitakuja. Mkono uliomnywesha hauwezi kuwavua watoto wake nguo nyeusi. Mwambie Kabongo atafute mwingine. Samy ana haki ya kukasirika, lakini asimkasirikie baba yake, anikasirikie mimi.

Mwaga ile iliyobaki. Bidoni usinirudishie tena.

Kapinga


Kolwezi, tarehe 14 Julai 2024

Tatu mukaji,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kaa kabisa, kwenye kiti, si kwenye kinu. Mukalay nimemwambia asiondoke mpaka umalize, na safari hii akilalamika ni shauri yake.

Nilikwenda kibandani kumwaga, kama ulivyosema. Nilikuwa nimekasirika na wewe, na yeye, na mimi mwenyewe. Nikainua bidoni, nikatafuta kikombe chake ili nikivunje. Sikukipata. Nikatafuta juu ya rafu, chini ya meza, nyuma ya magunia. Hakuna kikombe, hakuna bilauri, hakuna hata kopo la kunywea. Mtu anayekunywa kila jioni ana kikombe chake, tatu mukaji, na huwa anakipenda.

Nilichokuta ni hiki. Gunia la chokaa, ile ya mawe isiyozimwa ambayo ukiigusisha maji inachemka. Mitungi ya kioo yenye matope meupe chini, yamekauka. Vitambaa vya kuchujia, vimefuliwa na kukunjwa. Pipa la esanse. Na mrija wenye faneli, unaopita kwenye tundu la ukuta hadi pale alipokuwa akiegesha gari.

Nilikimbia kwa Mechack nikiwa bado na vumbi la chokaa mikononi. Alisikiliza, akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka. Nitakueleza kama alivyonieleza. Pombe kali ikichanganywa na esanse, esanse inakuwa ngumu kulipuka kabla ya wakati. Tatizo ni maji. Hata pombe yako iliyochemshwa mara nyingi bado ina maji, na maji na esanse havikai pamoja. Lakini chokaa inakunywa maji. Ukiiweka kwenye pombe inayanyonya, inazama, na juu inabaki pombe kavu kabisa. Baba alifanya kazi na chokaa maisha yake yote. Kule Kingamyambo kazi yake ilikuwa kutafuta shaba kwenye mchanga ambao wengine waliutupa. Akatazama mji usio na supa, akatazama chichampa ya dada yake, akatengeneza supa yake mwenyewe nyuma ya jiko letu. Sisi tulikuwa tunakula maharage upande wa pili wa ukuta.

Na unajua supa ni nini? Mimi nilidhani ni esanse yenye moto mwingi. Kumbe sivyo. Moto ni ule ule. Supa ni esanse yenye uvumilivu, inayokubali kubanwa na kubanwa bila kulipuka, mpaka saa yake ifike.

Nilikwenda pia hospitali, kwa daktari aliyemtibu. Nilimwuliza kwa sauti, mbele ya muuguzi, kama ilikuwa pombe. Akasema hapana. Ni kirusi cha ini, na huenda alikuwa nacho tangu utoto bila kujua. Akasema watu wote wangekuwa hawanywi kama baba, yeye asingekuwa na maini ya bia ya kutibu. Hukumwua mtu, tatu mukaji. Hakunywa hata tone lako. Alilinywesha gari.

Bidoni ya mwisho hatukuimwaga. Mechack na mimi tuliitia chokaa kama yeye, tukaichuja kwa vitambaa vyake, tukaichanganya. Jumapili alfajiri, kabla malori ya madini hayajaamka, tukatoka kwenye barabara ya Likasi. Mwanzo nilikwenda polepole, nikisubiri kokoto. Hazikuja. Nikakanyaga kidogo, kimya. Basi nikakanyaga mpaka chini.

Sijui nikuandikieje. Kulikuwa na pumzi, kama mtu mkubwa sana anayevuta hewa kabla ya kuanza wimbo, halafu kiti kikanishika mgongoni na nguzo za umeme zikaanza kuja upande wangu zenyewe. Niliogopa, na ndani ya hofu nilitaka kupiga magoti. Nikasimamisha kando ya barabara. Mechack alivua kofia yake, akaishika mapajani. Tulikaa hivyo mpaka lori la kwanza likatupita.

Samy nimempeleka jana. Alilia kama mtoto, kisha akampigia mfanyabiashara wake akamwambia gari haliuzwi mpaka dada wa baba aseme.

Lakini kuna kitu sikielewi, na ni wewe tu unayeweza kunijibu. Mtu asiyepita sitini, anayeacha hata baiskeli zimpite, kwa nini alijihangaisha hivi, miaka yote, ili gari liwe na nguvu ambazo hakuzitumia hata mara moja?

Tina wako


Sandoa, tarehe 28 Julai 2024

Mwanangu,

Nilikaa. Nilisoma, nikasoma tena, nikamwita Muteba nikamsomea. Alicheka mpaka akashika mti. Anasema watu wote wanajua kwamba ba-Kasai wanapenda kuvaa vizuri, lakini kumnywesha gari chichampa ya matone ya kwanza ni kujidai kupita kiasi. Mimi nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikalia kilio ambacho sikukilia mwaka jana. Sasa nimepumua. Tangu Kabongo atume ujumbe ule sikuwahi kupumua mpaka chini.

Swali lako nitalijibu. Baba yako hakutaka mjue, lakini yeye amekwenda, na mimi ndiye ninayesema kwa niaba yake.

Kabla yako na Samy kulikuwa na Beya, mtoto wao wa kwanza. Jina hilo umelisikia kwenye maombi ya mama yako. Mwaka ule, miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai waliambiwa na wakubwa wa mkoa warudi kwao, na sisi kwetu kulikuwa hapa hapa Kolwezi, babu yako aliletwa kuchimba shaba na wote tulizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Tulikwenda stesheni na vyombo vichwani. Treni haikuwepo. Tulingoja na watu wengi kuliko unavyoweza kufikiri, chini ya mvua, tukilala juu ya masanduku. Beya alikuwa amejua kusema vizuri, alikuwa akimwuliza baba yako kila asubuhi kama treni imeamka. Akaanza kukohoa. Treni ilipokuja hatimaye, ilitambaa na kusimama, ikatambaa na kusimama. Tenke, pale reli zinapoachana, ilisimama na haikuondoka. Beya alifia pale, mikononi mwa baba yako.

Hatukuwa na pa kumlaza. Alikuja kijana mmoja wa reli, Mlunda, akatutazama, akasema: "Mutoto ya mutu hawezi kulala mu vagon. Kuyeni kwangu." Akaleta koleo, akachimba kaburi mwenyewe. Kijana huyo ndiye huyu anayekutumia salamu za kitambaa cha gari. Mimi sikupanda tena treni ile, nilibaki naye. Baba yako na mama yako waliendelea, wakarudi Kolwezi baadaye wakati kiwanda kilipotafuta watu wanaojua kazi.

Aliponunua gari lile nilimcheka kama wengine. Alinitembelea hapa, tukakaa nje, nikamwuliza kama anataka kushindana na vijana. Hakucheka. Akasema: "Agnès, siku banatuambia tena tuende, mi sitangoya train."

Ndiyo maana. Hakuwa anaendesha polepole kwa uoga. Alikuwa analitunza. Tangi limejaa daima, tairi nzima daima, na nguvu yote imewekwa pembeni kwa ajili ya siku moja, ili ninyi wawili muwe mbali kabla ya mtu kumaliza kusema. Aliomba siku hiyo isije, na ilipokuwa haiji aliona maombi yamejibiwa. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa na mkono ndani yake. Nilidhani namsaidia kusahau Beya, kumbe nilikuwa namsaidia kuwabeba ninyi.

Nakuja. Mukalay amenitengea kiti cha mbele, magunia yake yatajijua. Mwambie Kabongo afunge mdomo mpaka nifike. Na siku ya pili ya kilio unipeleke Tenke kwa gari hilo.

Tatu mukaji wako,
Kapinga


Sandoa, tarehe 8 Septemba 2024

Tina mwanangu,

Nimefika salama, mgongo unauma, mihogo haijaibiwa. Nguo zenu nyeusi nilizowavua bado naziona zikiungua uani, na Kabongo akikohoa moshi lakini akikataa kusogea ili aonekane. Niliyoyasema siku ile mbele ya wote sirudii: gari ni la Tina, na Samy ana kiti chake ndani siku yoyote atakayokitaka. Nilifurahi kwamba yeye ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Nakuandikia kwa sababu ya Tenke. Njiani sikusema kitu, na wewe ulikuwa unaniangalia pembeni ukidhani nimeogopa. Sikuogopa. Nilikuwa natazama reli. Kila mara inapokaribia barabara niliitafuta, na kila mahali nilipatambua: hapa tulisimama usiku kucha, hapa mwanamke alijifungua, hapa waliuza maji kwa kikombe. Kutoka mahali pamoja hadi pengine palikuwa mbali sana. Palikuwa mbali maisha yangu yote. Nawe ulipapita pote kabla sijamaliza kumkumbuka mtu mmoja.

Ndipo nikakuambia, "Nionyeshe," ukakanyaga. Ile pumzi uliyoniandikia niliisikia. Nilishika mlango kwa mikono miwili na nikamwona kaka yangu, mzee wa kanisa, na shati lake la Jumapili, akiwa na kitu hiki chini ya mguu wake kila siku ya Mungu, akiacha baiskeli zimpite. Mimi nimeona milima ikikatwa Kolwezi, nimeona mashimo ambayo ndege wanaruka ndani yake. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama mguu ule usiokanyaga.

Ulipozima injini kwenye nyasi, karibu na reli, nilisikia chuma kikitoa mlio mdogo, tik, tik, kikipoa. Nilimwambia Beya kwamba treni imeamka. Hukunisikia, ulikuwa unatafuta mawe ya kuweka juu ya kaburi lake. Sasa nimekuambia.

Muteba ametengeneza chungu kipya. Bomba la shaba amelipata kwa fundi mmoja hapa, na anajisifu kwamba ni shaba ya kwenu. Mahindi yamekauka vizuri mwaka huu. Mechack anasema gari linahitaji bidoni ngapi kwa msimu? Mwambie anijibu mwenyewe, na asiniandikie kwa namba nyingi.

Mukalay anateremka wiki ijayo. Nirudishie bidoni zangu.

Tatu mukaji wako,
Kapinga Agnès